Mbio za baiskeli za siku nyingi: Wa ridhaa ndiye anayelipa, Saadani itabaki na nini?

Na Mwandishi Wetu

ANAYESIMAMA Makurunge, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, kabla jua halijachomoza, huwaona wakipita mmoja mmoja. Ni vijana wenye baiskeli za Phoenix au Avon, nyuma wamefunga magunia ya mkaa, kuni au mananasi ya Kiwangwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Penye mwinuko hushuka na kusukuma. Penye mteremko hukaza breki za vyuma na kumwachia Mungu. Kazi hiyo huifanya karibu kila siku, kiangazi na masika, na ndiyo inayonunua unga, daftari za watoto na dawa nyumbani.

Kwa maana halisi ya maneno, hao ni waendesha baiskeli wa kulipwa. Wanakanyaga pedali ili wapate pesa. Lakini wapo watu wengine duniani, wengi wao mawakili, madaktari, wahasibu na wenye kampuni zao, ambao hutoa fedha nyingi mfukoni ili waruhusiwe kukanyaga pedali siku tatu, nne, hata nane mfululizo kwenye njia za mawe na matope, walale kwenye mahema, kisha warudi makwao na medali tu. Hao ndio wanaoitwa wa ridhaa.

Kati ya makundi hayo mawili imejengeka biashara kubwa: mbio za hatua za baiskeli za milimani. Wiki hii tunaitazama kwa jicho la mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, kwa sababu ukanda wa Bagamoyo, Saadani na Pangani una sehemu kubwa ya mali ambayo biashara hiyo huitafuta. Kinachokosekana ni hesabu. Na mali bila daftari, kama wasemavyo wenyewe wa Pwani, huisha bila habari.

Bidhaa inayouzwa

Katika mbio za hatua, kila siku ni hatua moja yenye mwanzo na mwisho wake. Muda wa kila siku huandikwa na kujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Baiskeli ni za milimani, zenye tairi pana na gia nyingi, na njia huchaguliwa makusudi isiwe ya lami.

Jambo linaloufanya mchezo huu uwe tofauti kibiashara ni kwamba wa ridhaa na wa kulipwa hushiriki mashindano yale yale, siku ile ile, kwenye njia ile ile. Shabiki wa mpira hawezi kulipa kiingilio akapewa namba acheze dakika tisini dhidi ya Simba au Yanga katika mechi ya ligi. Kwenye mbio za hatua inawezekana. Bingwa wa dunia huanza mbele, mhasibu wa miaka 48 huanza na kundi la nyuma, na jioni wote wawili hupanga foleni ya chakula.

Kwa hiyo mwandaaji huuza nafasi ya kushiriki na mabingwa. Kwenye uwanja wa mpira fedha hutoka kwa watazamaji na wadhamini. Hapa mnunuzi mkubwa ni mshiriki mwenyewe, na bingwa anayelipwa ni sehemu ya bidhaa anayouziwa.

Somo la Afrika Kusini

Mfano mkubwa katika bara letu ni Cape Epic ya Afrika Kusini. Ilianzishwa mwaka 2004 na Kevin Vermaak, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi za kompyuta London. Wazo alilipata Costa Rica, alikokwenda kushiriki mbio za La Ruta de los Conquistadores, zilizokuwa zikifanyika tangu miaka ya 1990. Alirudi kwao akaandaa mbio za siku nane za timu za watu wawili wawili.

Kanuni moja ya mbio hizo inafaa kuangaliwa na kila mfanyabiashara: wenzi wawili hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Kimchezo ni kanuni ya usalama, maana mmoja akianguka porini mwenzake yupo karibu. Kibiashara, mteja mmoja hawezi kununua nafasi peke yake. Lazima amshawishi mwenzake, na kila tiketi inayouzwa inaingiza watu wawili.

Mbio hizo pia zina namna ya kumshika mteja asiondoke. Aliyemaliza Cape Epic mara tatu huingizwa kwenye klabu iitwayo Amabubesi, yaani simba kwa Kizulu. Mtu aliyemaliza mara mbili hana haja ya kutangaziwa tena. Atalipa mwenyewe ili atimize ya tatu.

Matokeo yake ni kwamba mbio zilizoanza na wazo la kijana mmoja zilipata thamani ya kuuzika. Mwaka 2016 zilinunuliwa na kampuni ya Ironman ya Marekani, iliyokuwa wakati huo chini ya kundi la Wanda la China. Kilichouzwa hakikuwa kiwanja wala majengo, kwa kuwa njia nyingi hupita kwenye mashamba na hifadhi za watu wengine. Kilichouzwa ni jina, daftari la wateja na ujuzi wa kuhamisha kijiji cha mahema na watu wake kwa wiki nzima.

Hata hivyo, mwekezaji asisikie upande mmoja tu. Machi 2020 mbio hizo zilifutwa siku mbili tu kabla ya kuanza, kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19. Wakati huo mahema, chakula na mafuta vimekwishagharimiwa, na washiriki wengine wamekwishafika. Biashara ambayo mapato yake yote ya mwaka yamewekwa kwenye siku nane haina wiki ya pili ya kufidia.

Rwanda ilianzia kwenye kahawa

Wapo wasomaji watakaosema kwamba Afrika Kusini ni nchi yenye uwezo, kwetu haiwezekani. Basi tuje karibu, Rwanda.

Desemba 2005 Tom Ritchey, Mmarekani aliye miongoni mwa watu wa kwanza kutengeneza baiskeli za milimani kule California, alitembelea nchi hiyo. Aliona baiskeli za mbao wanazosukuma wakulima na akaona tatizo la kibiashara: kahawa ikichelewa kufika kwenye kiwanda cha kuoshea baada ya kuchumwa hupoteza ubora, na ubora ukipotea bei hushuka. Akabuni baiskeli ndefu upande wa nyuma, ya kubebea mizigo mizito ya kahawa milimani. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic, ambapo baiskeli za mbao na za chuma zilionekana mahali pamoja.

Katika mradi huo aliingia Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki mbio za Tour de France, mwaka 1981. Aliwapima vijana wa Rwanda, akampata Adrien Niyonshuti. Mwaka 2007 wawili hao walikwenda kushiriki Cape Epic kama timu moja, mkongwe wa miaka zaidi ya 50 na kijana wa miaka 20. Baadaye Niyonshuti akasajiliwa na timu ya kulipwa ya MTN ya Afrika Kusini, na mwaka 2012 akabeba bendera ya Rwanda kwenye Michezo ya Olimpiki ya London na kushiriki mbio za baiskeli za milimani. Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani.

Funzo la kibiashara ni hili. Niyonshuti hakuingia kwenye mbio zilizofungwa kwa ajili ya wa kulipwa peke yao, kwa sababu asingepata nafasi. Aliingia kupitia mbio zilizo wazi kwa wa ridhaa, ambako wenye timu waliweza kumwona akipimana na waliokwisha kufika. Mlango ule ule anaopitia mwanasheria kwa pesa zake, kijana wa Rwanda aliupitia kwa miguu yake na akatoka upande wa pili na mkataba.

Kenya nayo ilikwenda njia yake. Mbio za siku tatu za 10to4 hutumika kuchangia uhifadhi wa Mlima Kenya kupitia Mount Kenya Trust. Jina lake limetokana na kushuka kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000. Mwaka 2021 zikaanza Migration Gravel Race, siku nne na kama kilomita 650 katika nchi ya Wamaasai huko Mara. Waanzilishi, chini ya mradi wa Amani wa mwanasheria Mikel Delagrange, waliona kwamba waendeshaji wa Afrika Mashariki wananyimwa maendeleo na nauli za ndege na viza za Ulaya. Basi wakaamua mashindano yaje huku na wageni wenye uwezo wa kulipa wayafuate. Baadaye mradi huo ulileta mbio nyingine Tanzania, zilizoitwa Evolution.

Mmoja wa nguzo za mradi huo, Mkenya Suleiman Kangangi, alifariki dunia Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za Vermont Overland huko Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Ni vema jambo hili likaandikwa kwenye ukurasa wa biashara pia, kwa sababu bima, gari la wagonjwa na mganga mwenye vifaa ni gharama ambazo mwandaaji mgeni hushawishika kuzipunguza kwanza, wakati hizo ndizo zinazopaswa kuguswa mwisho.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa mbio za siku tatu kutoka Bagamoyo hadi Pangani kupitia Saadani. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu, si bei za mtu yeyote.

Tuseme washiriki ni 60: wa ridhaa 50 na wa kulipwa 10. Kila wa ridhaa analipa ada ya Sh. 900,000. Wa kulipwa hawalipi ada, kwa kuwa wao ndio kivutio. Mapato ni Sh. 45,000,000.

Matumizi yako ya namna mbili. Kwanza, gharama zinazofuata idadi ya watu: chakula, maji, hema na usafiri wa mabegi. Tuseme Sh. 350,000 kwa kila mshiriki kwa siku zote tatu, awe analipa au halipi. Kwa watu 60 ni Sh. 21,000,000. Pili, gharama zisizobadilika hata akija mtu mmoja: vibali, magari, waganga, bima, askari wa wanyamapori, alama za njia na mawasiliano. Tuseme Sh. 18,000,000. Ongeza zawadi za washindi Sh. 4,000,000.

Jumla ya matumizi ni Sh. 43,000,000. Kinachobaki ni Sh. 2,000,000. Kwa kazi ya mwaka mzima, faida hiyo si ya kupigia vigelegele.

Sasa angalia nini kinatokea wa ridhaa wakija 40 badala ya 50. Mapato yanashuka hadi Sh. 36,000,000, lakini matumizi yanashuka kidogo tu, hadi Sh. 39,500,000. Mwandaaji amepata hasara ya Sh. 3,500,000. Katika mfano huu mizani inasimama kwenye wa ridhaa 47. Wakiwa 46, hasara imekwishaanza.

Lipo swali ambalo wengi hawajiulizi. Je, tukiwaondoa wale 10 wa kulipwa pamoja na zawadi zao? Hapo mwandaaji anahitaji wa ridhaa 33 tu kurudisha gharama. Maana yake wa kulipwa 10 wamepandisha kiwango cha kunusurika kutoka 33 hadi 47. Wanapaswa walete wa ridhaa 14 ambao bila wao wasingekuja, au walete mdhamini wa kulipia pengo hilo. Wasipoleta, ni mapambo ya gharama.

Kwa hiyo mwandaaji anayeanza asikimbilie kumleta bingwa kutoka Ulaya. Bingwa wa Ulaya anavuta wateja kwenye mbio zenye jina. Kwenye mbio changa, kinachomvuta mteja ni mahali penyewe na uhakika kwamba kila kilichoahidiwa kitakuwepo.

Mali ya Saadani

Mahali, Saadani inapo. Hifadhi ya Taifa Saadani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na ndiyo hifadhi ya taifa nchini yenye nyika inayofika hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi. Tembo, nyati na simba wapo upande mmoja, mashua za wavuvi wa kamba upande wa pili, na katikati mto Wami wenye viboko na mamba wake.

Msimu nao una hesabu yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye tairi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Vuli nayo haiaminiki. Miezi inayobaki salama ni Julai hadi Septemba, wakati wa kipupwe. Na hapo mwenyeji wa Pwani anajua jambo ambalo mgeni hatalikuta kwenye ramani: miezi hiyo upepo ni wa kusi. Anayetoka Bagamoyo kwenda Pangani anaelekea kaskazini, hivyo kusi inamsukuma mgongoni kama inavyosukuma jahazi. Akipangiwa kuanzia Pangani kuja Bagamoyo atapigana nao siku zote tatu.

Mashaka pia yapo. Mbung'o wa Saadani hawatofautishi wa ridhaa na wa kulipwa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka hapo Saadani kujaribu njia ya ng'ombe wa kukokota mizigo hadi Mpwapwa, na mpango wa magari ya ng'ombe uliofuata ulikufa pamoja na ng'ombe wenyewe. Katika karne iliyofuata ranchi ya Mkwaja, iliyoanza miaka ya 1950, ilipambana na mbung'o hao hao hadi ilipofungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingia kwenye hifadhi. Baiskeli haiugui nagana, lakini mwendeshaji anang'atwa.

Tena, kuendesha baiskeli ndani ya hifadhi yenye simba na nyati si jambo la kuamua mtu mwenyewe. Linahitaji kibali cha TANAPA, askari na viingilio, na mgeni wa nje hutozwa zaidi ya Mwafrika Mashariki. Mwandaaji mwenye busara atafikiria njia inayopita pembeni ya hifadhi, na kuiacha hifadhi yenyewe iwe safari ya gari siku ya mapumziko. Hapo wenye magari ya kitalii wa Bagamoyo nao wanapata fungu lao.

Jambo la mwisho kuhusu mahali ni barabara. Mradi wa barabara ya lami ya Bagamoyo, Saadani hadi Tanga, wa kilomita 246 pamoja na daraja la mita 525 la mto Pangani, umekuwa ukijengwa kwa vipande katika miaka hii ya 2020. Ukitoa kipande cha Pangani hadi Tanga cha kilomita 50, zinabaki kama kilomita 196, ambazo zinagawanyika vizuri kwa siku tatu. Kwa mwenye lori na mwenye samaki, lami ni neema tupu. Kwa mbio za baiskeli za milimani ina sura mbili. Wateja, waganga na vyakula vitafika upesi, lakini mshiriki hatalipa ada ili aendeshe kwenye lami pamoja na mabasi. Alama za njia za vumbi, za mashambani na za ufukweni zichorwe na wenye vijiji mapema, kabla ardhi ya kandokando ya barabara haijauzwa na kuzungushiwa seng'enge.

Nani anabaki na fedha

Pwani hii si ngeni kwa safari za hatua. Katika karne ya 19, Bagamoyo na Saadani zilikuwa milango ya misafara ya bara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kwa hatua na kulala kwa kambi. Walikuwa watu wa kazi yao, wenye ujira na posho iliyopatanwa. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Unguja, na faida kubwa ilirudi Unguja. Mji wa pwani ulibaki na kile ulichouza kwa wanaopita: nafaka, samaki, malazi na mikono ya kubeba.

Mbio za baiskeli zinaweza kurudia habari hiyo neno kwa neno. Kwenye mfano wetu, Sh. 21,000,000 zinatumika kulisha na kulaza watu. Kama chakula chote kitanunuliwa kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam na kuletwa kwa gari, kijiji cha Saadani kitaona vumbi. Kama theluthi moja tu itanunuliwa njiani, Makurunge, Saadani, Mkwaja na Pangani, ni Sh. 7,000,000 kwa siku tatu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, lakini mwenyeji apone kwa kuuza, si kwa kushangilia kandokando ya njia.

Kwa sababu hiyo wenye vijiji wanapokaa mezani na mwandaaji, jambo la kudai kwanza si mchango wa madawati. Ni orodha ya manunuzi: kilo ngapi za samaki na kamba, madafu mangapi, mihogo kiasi gani, mahema yatasimama uwanja wa nani na kwa kodi gani, na malipo yatafanyika lini. Mchango hutolewa mara moja kwa hisani. Oda hurudi mwaka unaofuata kama mzigo ulikuwa mzuri.

Wauzaji wa vipuri nao wawe macho. Baiskeli tulizozizoea, za Phoenix na Avon, zina magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma. Baiskeli za milimani zilikuwa za inchi 26 kwa miaka mingi, na nyingi za mitumba zinazoshushwa Dar es Salaam bado ni hizo. Lakini mashindano yamehamia inchi 29, na breki ni za diski. Mwenye duka atakayejaza tyubu za inchi 26 akitegemea mbio ataziuza kwa wateja wake wa kila siku tu. Mtaji mdogo ni bora uwekwe kwenye vitu visivyochagua gurudumu: viraka, mafuta ya mnyororo, pampu na nyaya. Juu ya hayo uwekwe kwenye ujuzi wa fundi. Fundi wa Bagamoyo anayeweza kunyoosha rimu ya Phoenix kwa jicho atajifunza diski kwa muda mfupi, na mshiriki aliyekatikiwa na mnyororo jioni, huku kesho ana kilomita 65, habishani sana na bei.

Kijana wa mkaa

Tumalizie tulipoanzia, kwa kijana wa Makurunge. Je, ana nafasi gani?

Miguu anayo. Njia anaijua kuliko yeyote. Anachokosa si baiskeli peke yake. Akishiriki mbio za siku tatu anapoteza siku tatu za mkaa, na siku kadhaa za mazoezi kabla ya hapo, na nyumbani hakuna anayemsubiri amalize ndipo ale. Wa ridhaa anaweza kushindana bila malipo kwa sababu mshahara wake unaendelea kuingia akiwa njiani. Wa kulipwa anaweza kufanya mazoezi kwa sababu yupo anayemlisha. Kijana wetu hana mshahara wala wa kumlisha, hivyo mlango ukiachwa wazi bila kitu kingine, bado hataingia.

Rwanda na mradi wa Amani zilionyesha kinachohitajika: mtu alipiwe posho ya siku anazokosa kazi, apewe baiskeli inayofaa, na apimwe mbele ya wenye timu. Katika mfano wetu wa hesabu, zile nafasi 10 zisizolipiwa ada zimekwishahesabiwa. Tofauti kati ya kuzijaza kwa mabingwa wa mbali na kuzijaza kwa vijana 10 wa Bagamoyo, Saadani na Pangani ni uamuzi wa mwandaaji na mdhamini wake. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja kutoka Ulaya inaweza kulipa posho ya vijana hao kwa siku nyingi. Na mdhamini wa hapa nchini, awe muuza simu, bima au unga, atapata picha za mtu ambaye wateja wake wanamfahamu kwa jina.

Kwa mwekezaji mdogo, ushauri wetu ni huu. Asiweke fedha kwenye uandaaji wa mbio mpya mpaka aonyeshwe mambo matatu kwa maandishi: idadi ya wa ridhaa wanaohitajika kurudisha gharama, sera ya kurudisha ada mbio zikiahirishwa, na bima ya washiriki. Mwandaaji akikosa hata moja, mwekezaji na abaki kwenye vitu vinavyouzika mbio ziwepo zisiwepo: kamba, mahema, magari, vipuri na ufundi. Na viongozi wa vijiji vya njiani wasisaini kumpa mtu uwanja kabla hawajaona orodha ya manunuzi na majina ya vijana watakaopewa zile nafasi kumi.